Ijaza ya Mwalimu wa Sayansi: Kutoka Ujiji hadi Mlimani

Msafiri aliyefika Ujiji katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa aliukuta mji uliokwisha kupokea mambo mengi kutoka pwani. Ulikuwa umepokea biashara ya pembe na ile biashara ovu ya watumwa. Lakini ulikuwa umepokea pia lugha ya Kiswahili na elimu ya Kiislamu. Katika elimu hiyo mna desturi moja ambayo yafaa tuikumbuke. Mtu haanzi kukifundisha kitabu kwa sababu tu amekisoma. Sharti kwanza mwalimu wake ampe ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, na katika idhini hiyo hutajwa mnyororo wa walimu waliotangulia. Kwa hiyo swali la nani anastahili kufundisha, na nani aliyempa ruhusa hiyo, si swali lililoletwa na shule za kizungu. Kwenye ziwa hili lilikuwa na jibu lake hata kabla ya reli kufika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza ijaza ya namna nyingine, nayo ni shahada ya chuo kikuu anayotakiwa kuwa nayo mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari. Tutaitazama kutoka Kigoma na Ujiji, kwa sababu mahali pale panaonyesha waziwazi kwa nini sharti hilo liliwekwa, na pia ni nini ambacho sharti hilo peke yake haliwezi kutupa.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakoloni hawakuijenga kwa ajili ya kuwapeleka watoto wa Waha na Wajiji shuleni. Katika utawala wa Waingereza, nchi ya Buha iligeuzwa kuwa ghala la vibarua. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata katani katika mashamba ya mashariki, nao wakaitwa manamba. Na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwatafuta, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Nchi inayotakiwa itoe mikono tu haijengewi maabara. Kijana wa ziwani aliyebahatika kuendelea na masomo alipanda treni hiyo hiyo hadi Tabora, na huko ndiko alikoweza kukutana na mwalimu wa sayansi.

Mmoja wa walimu wa sayansi wa Tabora alikuwa Julius Kambarage Nyerere. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu, alifundisha baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria. Hakuwa na shahada, wala Makerere ya wakati ule haikuwa ikitoa shahada. Ilianza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, mwaka ambao Nyerere mwenyewe alisafiri kwenda Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Twaona basi kwamba katika siku za ukoloni Mwafrika aliyetaka ijaza ya juu ya kufundisha alitakiwa kuifuata Uingereza, au kuipokea hapa kwetu kutoka mikononi mwa Waingereza.

Mnyororo huo ulianza kubadilika karibu na wakati wa Uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kidogo chenye wanafunzi wa sheria tu. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, kikapata Kitivo cha Sayansi mwaka 1965, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Jambo kubwa kwa makala haya ni namna chuo hicho kilivyoamua kumwandaa mwalimu. Mtindo wa Kiingereza ulikuwa kumpa mtu shahada ya somo lake kwanza, kisha kumrudisha darasani mwaka mmoja ajifunze ualimu. Taifa changa halikuwa na nafasi ya kungoja hivyo. Mlimani somo na ualimu viliunganishwa katika shahada moja ya miaka mitatu, na mpango huo umeendelea hadi leo.

Masharti yake ni rahisi kuyataja, lakini si rahisi kuyatimiza. Anayetaka kuingia sharti awe amefaulu vizuri, katika mtihani wa kidato cha sita, masomo mawili atakayokuja kuyafundisha: kemia na baiolojia, kwa mfano, au fizikia na hisabati. Akiisha kuingia, huyasoma masomo hayo kwa kina pamoja na kazi za maabara. Husoma saikolojia na falsafa ya elimu, mitaala na mbinu za kufundisha. Kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambako husimama mbele ya wanafunzi huku akitazamwa na mkaguzi wake. Pamoja na njia hiyo ya shahada ilikuwapo njia ya stashahada katika vyuo vya ualimu kama Chang'ombe, kwa wale waliotazamiwa kufundisha zaidi madarasa ya chini ya sekondari. Mwaka 1974, Azimio la Musoma liliongeza sharti jingine: mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Sharti hilo baadaye lililegezwa, lakini wazo lake halikuwa dogo. Lilidai kwamba msomi apimwe na watu anaoishi nao, sio na karatasi ya mtihani peke yake.

Mwanafunzi anayesoma makala haya huenda akauliza: ya nini elimu yote hiyo kwa mtu atakayefundisha kidato cha pili? Tumjibu kwa mfano wa Kigoma. Mtoto wa mvuvi anajua tangu utotoni kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hukaa nyumbani. Siku moja anamwuliza mwalimu sababu yake. Mwalimu aliyekariri daftari atamwambia kwamba swali hilo halimo katika mtihani. Mwalimu aliyeisoma baiolojia kwa kina ataweza kumweleza kwamba vijidudu vya majini hupanda juu usiku, dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa. Kwamba taa huwakusanya dagaa pale penye giza pande zote, ila mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima nguvu ya taa hupotea.

Mtoto akizidi kuuliza, fizikia na kemia nazo zitahitajika. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani. Maji yake ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, na maji ya chini ni mazito zaidi, kwa hiyo hayachanganyiki kwa urahisi. Oksijeni huishia katika mita mia moja au mia mbili za juu, na chakula kingi cha mimea ya majini kimezama chini yake. Pepo za kusi za kiangazi ndizo zinazosaidia kukiinua. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba ziwa linazidi kupata joto, na kwamba joto hilo linapunguza kuchanganyika kwa maji na rutuba yake. Na mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Nyumba ambazo sufuria zake hutegemea dagaa ziliisikia amri hiyo. Je, ni nani wa kuwaeleza watoto wa nyumba hizo sababu yake, kama si mwalimu wa sayansi?

Mifano kama hiyo haiishi. Wenyeji wa Uvinza wamechemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mawese ya Kigoma hugeuka sabuni yakichanganywa na magadi makali. Meli ya Liemba iliteremshwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina lake jipya. Humo mna kemia na fizikia za kutosha miaka minne ya sekondari, kwa mwalimu mwenye uwezo wa kuziona.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wa upande wa pili. Kaskazini ya Kigoma, huko Gombe, Jane Goodall alifika Julai 1960 bila shahada yoyote, na mwaka huo huo akaona sokwe mtu wakitengeneza vyombo vya kuvulia mchwa. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea asome shahada ya uzamivu, kwa kuwa ilionekana kwamba bila ijaza hiyo wataalamu wenzake wangemdharau. Mwaka 1975 wanafunzi wanne walitekwa nyara Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, na wanafunzi wa kigeni wakaondoka. Utafiti haukukatika. Uliendelezwa na wananchi wa vijiji vya jirani, watu kama Hilali Matama, ambao kila siku waliwafuata sokwe na kuandika waliyoyaona. Hao hawakuwa wasomi wa chuo kikuu, lakini macho yao na kalamu zao zilikuwa za kisayansi. Hapo twajifunza kwamba shahada haiumbi udadisi. Na pia twaona kwamba asiye na ijaza, hata akijua sana, ni vigumu ujuzi wake kumfungulia mlango wa darasa.

Katika karne hii taifa limejaribiwa na wingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata nchi nzima, na shule zikazidi walimu, hasa wa sayansi na hisabati. Njia za mkato zikatafutwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea vijana waliomaliza kidato cha nne kusomea stashahada maalumu ya ualimu wa masomo hayo. Mwaka 2016 zaidi ya 7,000 kati yao waliamriwa kurudi nyumbani, na baadaye sehemu yao wakapelekwa kumalizia katika vyuo vya ualimu. Hatulitaji jambo hilo ili kuwalaumu vijana. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha shida ya kweli: tukilegeza masharti, mtoto wa Ujiji atapata mwalimu asiyejua, tukiyakaza bila kuongeza wenye kuyatimiza, atapata maabara iliyofungwa kwa kufuli.

Kwa maoni yetu masharti ya shahada yanafaa kutunzwa, ila yaeleweke maana yake. Shahada inashuhudia kwamba mwalimu amekwenda mbali kuliko mahali anapowapeleka wanafunzi wake. Haishuhudii kwamba amepajua mahali anapofundishia. Hilo la pili hana budi kulitafuta mwenyewe, kwa wavuvi wa Kibirizi, kwa wakamuaji wa mawese, kwa wazee wa Ujiji. Nanyi wanafunzi mnaosoma haya mkiwa kidato cha tatu au cha nne, jueni kwamba masharti haya hayakuwekwa ili kuwafungia nje. Mnyororo wa ijaza uliwahi kupitia London na Edinburgh. Leo unapita Mlimani na katika vyuo vingine vya nchi hii, nao unangoja majina kutoka kwenye ziwa lenu.