Mtungi, Debe na Dumu: Historia ya Chombo cha Maji Afrika Mashariki

Kabla ya plastiki, maji ya kunywa katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki yaliwekwa ndani ya mtungi, yaani chombo cha udongo uliofinyangwa na kuchomwa, ambacho kuta zake hupitisha unyevu kidogo kidogo, na unyevu huo unapokauka huyaacha maji yaliyobaki yakiwa baridi. Maji hayo yalichotwa kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Hata hivyo, mtungi ni mzito na ukianguka huvunjika, kwa hiyo haishangazi kwamba debe lilipata nafasi. Debe, neno lenye asili ya Kihindi, lilikuwa bati la pembe nne la galoni 4, karibu lita 18, lililoingia na mafuta ya taa, mawili katika kila sanduku la mbao. Mafuta yalipokwisha lilichotewa maji, likapimiwa mahindi, likakatwa na mafundi bati kuwa koroboi, au likakunjuliwa na kuezekewa nyumba. Lugha nayo ililikaribisha, kwani hadi leo anayemnadi mgombea au anayeita abiria stendi husemwa kuwa anapiga debe.

Kilicholidhoofisha debe ni kutu, na dawa yake ilitoka maabara. Mwezi Machi 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson, wanakemia wa kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, walikuwa wakiishindilia gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa walipokuta ndani ya chombo chao mabaki meupe mfano wa nta, ambayo ndiyo polietilini. Mwaka 1953 Karl Ziegler, huko Mülheim, Ujerumani, alipata vichocheo, yaani kemikali za kuharakisha mmenyuko, vilivyowezesha kutengeneza polietilini ngumu zaidi bila shinikizo hilo.

Dumu la lita 20 hutengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyohiyo: bomba la plastiki iliyoyeyuka hubanwa kati ya nusu mbili za kalibu, kisha hupulizwa hewa hadi ligandamane na kuta, na alama ya nusu hizo kukutana ni ule mshono mwembamba unaolizunguka dumu kutoka shingoni hadi chini. Madumu mengi ya njano yaliyomo majumbani yaliingia yakiwa na mafuta ya kula, kama debe lilivyoingia na mafuta ya taa. Hayapozi maji, na hiyo ni hasara ya kweli. Lakini kwa mwanamke anayepanda mlima na kilo 20 za maji kichwani, chombo chepesi kisichovunjika ni nafuu kubwa zaidi.

Majina hayakufuata udongo wala bati. Jijini Nairobi, anayenunua mtungi wa maji hupewa dumu la plastiki. Dar es Salaam, mtungi mara nyingi ni ule wa chuma wa gesi ya kupikia.