Jedwali la Nani?

Wengi wetu tuliojifunzia SQL kwenye Oracle tulianza na jina la mtu: SCOTT. Ni Bruce Scott, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa kampuni hiyo, na nywila ya akaunti yake, tiger, inasimuliwa kuwa ni jina la paka. Ndani ya akaunti hiyo ya mazoezi mlikuwa na jedwali EMP lenye wafanyakazi 14, mkuu wao akiitwa KING, mshahara 5000. Ukiingia kama SCOTT na kuandika SELECT * FROM EMP, wote wanajipanga mbele yako. Ukiingia kwa jina lako mwenyewe, swali lilelile, herufi kwa herufi, linakujibu ORA-00942: jedwali halipo. Andika SCOTT.EMP, kama umepewa ruhusa, na wote 14 hao hapo.

Nimetunza kanzidata hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na simu za usiku nyingi ni za aina hiyo. "Kaka, jedwali limepotea!" Nami huuliza kwanza: la nani? Kijana hukasirika, akidhani namtania.

Swali hilo lina umri. Mwaka 1970 E. F. Codd wa IBM alichapisha nadharia ya kuweka data katika majedwali, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, wakatoa lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL. Kompyuta za wakati ule zilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, na hakuna wa kuwazuia makarani wawili wasiunde kila mmoja jedwali lake la malipo kwa jina moja. Pwani ukimtaja Ali utaulizwa, Ali wa nani? IBM nao walifanya vivyo hivyo: mbele ya jina la jedwali, jina la aliyeliunda, kisha nukta katikati. Fungua orodha ya majedwali ya DB2, kanzidata yao, SYSIBM.SYSTABLES, utaikuta safu inayoitwa CREATOR.

Kiwango cha kwanza cha SQL, cha mwaka 1986, kilifuata njia hiyohiyo: skima, yaani kundi la majedwali na vitu vingine, ilitambulika kwa mtumiaji mwenye nayo. Shida ikaja pale mtu anapoacha kazi. Nimewahi kukuta ofisi ambayo majedwali ya mishahara yalibeba jina la bwana mmoja aliyekwishaondoka zamani, na hakuna aliyethubutu kufuta akaunti yake, maana nusu ya ripoti zilimtaja. Kiwango cha mwaka 1992 kiliipa skima jina lake yenyewe, lisilo la mtu. SQL Server ya Microsoft, iliyozoea kutafuta kwanza kwa mtumiaji kisha kwa dbo, yaani mmiliki wa kanzidata, ilitenganisha mtumiaji na skima katika toleo la 2005. Oracle mpaka leo kila mtumiaji ana skima ya jina lake. MySQL haina mjadala: skima na kanzidata ni kitu kimoja.

PostgreSQL ilipata skima katika toleo la 7.3, mwaka 2002, pamoja na search_path, orodha ya skima za kupekuliwa pale jina linapoandikwa bila nukta. Kwa kawaida huanza na skima yenye jina lako, kisha public, skima ya wote. Ilikuwa raha, na raha hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 2018 ilitangazwa kasoro CVE-2018-1058: kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuunda vitu ndani ya public, mwenye nia mbaya aliweza kutega humo funksheni, na msimamizi akaiendesha kwa mamlaka yake akidhani ni ile ya mfumo. Kwangu mimi hili ni baya kuliko kuambiwa jedwali halipo, kwa sababu hapa kitu kinapatikana, ila si chenyewe.

Baada ya hapo faili za chelezo za pg_dump zikaanza kuiacha search_path tupu. Funksheni zilizoandikwa kivivu, bila jina la skima, zikaanza kugoma wakati wa kurejesha data, na watu wakalaumu chelezo. Toleo la 15, la mwaka 2022, liliondoa ruhusa ile ya kila mtu kuunda vitu ndani ya public.

Wapo wanaoficha tatizo kwa visawe vya wazi vya Oracle, ili EMP ifike kwa SCOTT.EMP bila mwandishi kujua. Mimi sivipendi; vinamnyima anayekuja baada yako jibu la swali la kwanza. Kwenye dirisha la majaribio fupisha upendavyo. Swali linaloingia ndani ya programu, ripoti au funksheni, tafadhali liandikie skima, nukta, jedwali.