ULIMI WA IMAM GHAZALI ULIPOFUNGIKA



Ndugu yangu katika imani, ukimwona mtu amelemewa na mawazo, anasahau, anababaika, hata ukurasa mmoja haumwingii kichwani, usikimbilie kumwambia imani yake ni ndogo. Sikiliza kwanza yaliyomfika Imam Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu.

Mwaka 484 Hijria (1091), waziri Nidham al-Mulk alimpa kiti cha kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walimsikiliza. Elimu anayo, cheo anacho, jina limeenea. Lakini moyoni akajiuliza: nasomesha kwa ajili ya Allah, au nataka sifa? Leo anaazimia kuondoka, kesho nafsi inamrudisha. Kuanzia Rajab 488 (1095), vuta nikuvute hiyo ilidumu karibu miezi sita.

Kisha ulimi ukafungika. Mwenyewe ameeleza katika al-Munqidh min al-Dhalal kwamba alijikaza afundishe walau siku moja, neno lisitoke. Chakula kikamshinda, nguvu zikamwisha. Matabibu wakakata tamaa ya kumtibu kwa dawa. Walisema maradhi yameanzia moyoni, hayatoki mpaka dhiki ya moyo itoke.

Mwaka 1968, huko New York, Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwa panya kuwa homoni ya msongo huingia ubongoni na kushikwa katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Utafiti uliofuata ukaeleza zaidi: msongo ukizidi, kemikali hufurika sehemu ya mbele ya ubongo, na seli za pale, ambazo kazi yake ni kufikiri na kupanga maneno, hushindwa kupelekeana ishara vizuri. Sehemu ya hofu ndiyo inayoshika usukani. Ndiyo maana jibu unalolijua nyumbani linayeyuka ndani ya chumba cha mtihani. Msongo ukidumu, matawi ya seli hizo hunywea. Na katika panya vijana imeonekana kuwa msongo ukiondolewa, yanachipua tena.

Mtume ﷺ alikwisha kumkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Mafakihi wakaingiza humo njaa kali, huzuni na wasiwasi, kwa sababu vyote huvuruga akili.

Ghazali alifanya nini? Alimlilia Mola wake kama mtu asiye na hila. Kisha akachukua hatua: akagawa mali, akawaachia watoto riziki yao, akaondoka kwenda Sham. Kitabu chake Ihyaa Ulum al-Din ni tunda la miaka iliyofuata.

Basi ewe uliyelemewa, omba dua, na pia tafuta chanzo cha dhiki yako. Mwambie unayemwamini, nenda kwa daktari. Na wewe uliye mzima, usimwongezee mwenzako mzigo wa lawama. Hata Hujjatul Islam alifungika ulimi.

Ewe Allah, tuondolee hamu na huzuni, utufungulie vifua vyetu. Aamin.