MBULU: MJI ULIOGAWA NCHI UKABAKI MJI

Mji wa Mbulu umekaa katika nyanda za juu zenye baridi, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wairaqw, wenyeji wa nchi hiyo, huuita Imboru. Ndimi za wageni zililigeuza jina hilo kuwa Mbulu, kisha Wairaqw wenyewe wakaitwa Wambulu. Hivyo mji mdogo ukawapa watu wengi jina ambalo hawakujichagulia.

Katika enzi ya Waingereza, Mbulu ilikuwa makao ya wilaya kubwa ya Jimbo la Kaskazini, iliyoenea toka Karatu hadi mlima Hanang. Mkulima wa Kiiraqw, mfugaji wa Kidatoga na majirani zao wa Kibantu wote walikuwa chini ya boma moja. Na Wahadzabe waliishi upande wa bonde la Eyasi. Ni sehemu chache za Afrika ambapo lugha za asili tofauti kiasi hicho hukutana katika wilaya moja.

Mji huo haukuzoea kufuata upepo. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, ambako wapiga kura walimchagua Chifu Herman Elias Sarwatt, mgombea binafsi. Naye alikuwa mwana TANU. Wananchi hawakukikataa chama, bali walishikilia haki ya kujichagulia mtu wao.

Baada ya uhuru nchi ile ilimegwa. Hanang ilijitenga, ikafuata Karatu. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipoundwa kutoka Arusha, makao ya mkoa yaliwekwa Babati. Hata hospitali iliyojulikana zaidi wilayani, ile ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, iko Haydom, mbali na mji.

Pamoja na hayo, Mbulu haikudhoofika. Kanisa Katoliki na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri yana dayosisi zenye jina lake, na mwaka 2015 mji ulipata halmashauri yake. Mama mwenye watoto waliokwisha kujitegemea huendelea kuitwa mama. Ndivyo ilivyo Mbulu: waliotoka kwake wana boma zao, lakini wakisimulia walikotoka, hulitaja jina lake.