Hilo tanki lenu lilizaliwa kwa ajili ya Soweto ile nyingine

Kwanza tusawazishe jina, wasee. Lile gari kubwa linaloteremka Kibera Drive siku ya maandamano si tanki. Tanki, yaani kifaru, linatembea kwa minyororo na lina mzinga. Hili letu lina matairi manne, bodi ya chuma nene na vidirisha vidogo vya kuchungulia. Kiswahili chake ni gari la deraya. Najua hapa Soweto West mtazidi kuliita tanki, hata mimi nikiwa base naliita tanki, lakini leo tunaandika historia, wacha tuite vitu kwa majina yao.

Hiyo historia inaanza na jina la mtaa wetu. Soweto iko Kibera, iko Kayole, iko Kahawa West. Zote zimekopa jina la Soweto ya Johannesburg, ambalo ni kifupi tu cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Serikali ya makaburu iliwarundika Waafrika huko ili wawe karibu na kazi na mbali na mji. Wengi wetu tunajua tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, na polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Kile ambacho hatuambiwi sana ni kuhusu magari yaliyoingia mtaani siku hizo. Moja liliitwa Hippo. Chini lilikuwa lori la Bedford la kawaida, juu limevikwa sanduku la chuma.

Hippo halikutengenezwa kwa sababu ya Soweto, though. Lilitengenezwa kwa sababu ya jirani.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako Wazungu wachache walijitangazia uhuru wao mwaka 1965 ili wasiwape Waafrika kura. Dunia ikawawekea vikwazo. Afrika Kusini haikuvifuata. Ilituma polisi wake huko kusaidia kupigana na wapigania uhuru, na ikapeleka magari pia. Moja lilikuwa Eland, gari la deraya lenye mzinga, ambalo Afrika Kusini ilikuwa inaliunda kwa leseni ya kampuni ya Panhard ya Ufaransa. (Kenya nayo ilinunua hizo Panhard AML, moja kwa moja kutoka Ufaransa. Kwa hivyo jeshi letu na jeshi la makaburu waliendesha binamu wa gari moja. Sijawahi kuona hii kwa kitabu chochote cha shule.)

Wapigania uhuru hawakuwa na magari kama hayo. Walikuwa na mabomu ya kutega ardhini, na barabara za Rhodesia zilikuwa za vumbi, rahisi kuchimba usiku. Lori la kawaida likikanyaga bomu, sakafu inapasuka na walio ndani wanaisha. Hapo ndipo mainjinia wa nchi hizo mbili walipata wazo ambalo dunia nzima inalitumia mpaka leo: usifanye tumbo la gari kuwa bapa, lifanye liwe na umbo la V, na uliinue juu kutoka chini. Nguvu ya mlipuko ikija inateleza pembeni badala ya kugonga sakafu moja kwa moja. Gurudumu linaruka, ekseli inaruka, watu wanabaki. Ni wazo zuri kabisa la kihandisi, na lilibuniwa kulinda utawala mbaya kabisa.

Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku nchi zote kuiuzia Afrika Kusini silaha. Makaburu wakaamua kujitengenezea. Likaja Buffel, juu ya chasi ya Unimog ya Mercedes. Likaja Casspir, ambalo jina lake ni herufi tu zilizochanganywa: SAP, kifupi cha polisi wao, na CSIR, kifupi cha taasisi yao ya utafiti wa sayansi. Polisi na wanasayansi wamefumwa ndani ya jina moja. Miaka ya 1980, vitongoji vilipowaka moto, magari haya ambayo yalibuniwa kwa mabomu ya mpakani yakaingizwa mitaani, ambako hakukuwa na bomu hata moja la ardhini. Kulikuwa na watoto wa shule na mawe.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi huifikiria sana. Gari halikubadilika, kilichobadilika ni barabara lililotumwa.

Vijana wengi waliotoroka Soweto walikuja upande wetu. Tanzania iliwapa ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro, na chama cha ANC kikafungua shule hapo mwaka 1978. Baadaye ikaitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Wengine walijifunza Kiswahili huko. Kwa hivyo Afrika Mashariki ilipokea kwanza watu waliokimbia hayo magari.

Halafu tukapokea magari yenyewe.

Mwaka 1994 Mandela akashinda, vikwazo vya silaha vikaondolewa, na Afrika Kusini ikajikuta na viwanda vinavyojua kazi moja vizuri kuliko karibu mtu yeyote duniani. Wateja wakaja. Uganda ilinunua Buffel na Mamba wakati vita na kundi la Joseph Kony vikiendelea kaskazini. Wanajeshi wa Uganda walipoingia Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, walizunguka ndani ya Casspir. Kenya ilinunua Puma M26 kutoka kwa kampuni ya Afrika Kusini, na baada ya KDF kuvuka mpaka Oktoba 2011, Puma zikaonekana Somalia. Hata Wamarekani, baada ya kulipuliwa sana Iraq, waligeukia tumbo la V. Kisha magari yao ya ziada yakagawiwa polisi wa miji yao midogo. Hata huko gari lilianza mpakani likaishia mtaani.

Sasa nataka tuangalie majirani wengine kabisa, wale wa kaskazini ya Ulaya. Finland ina kampuni inaitwa Patria, inatengeneza gari la deraya la magurudumu sita. Finland na Latvia zilianza mpango wa kulinunua pamoja, Uswidi ikajiunga mwaka 2022, na mwaka 2024 ikaagiza zaidi ya 300. Uswidi si nchi ya kukosa viwanda, inaunda hadi ndege za kivita. Lakini imenunua la jirani kwa sababu wote wanaangalia adui mmoja, Urusi, na siku mambo yakiharibika, fundi wa Kifini ataweza kufungua gari la Mswidi na kupata kipuri kilekile.

Sisi tuna adui mmoja pia. Kenya, Uganda, Burundi na Ethiopia wote wamezika wanajeshi kwa sababu ya Al-Shabaab. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilisaini itifaki ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012. Lakini ukienda sokoni kila mtu anaenda na kikapu chake. Polisi wa Kenya walipewa VN4 za kampuni ya Norinco ya China mwaka 2016. Jeshi letu likaenda Uturuki kwa Katmerciler, ambayo mwaka 2021 ilitangaza mkataba wa magari 118 aina ya Hızır kwa dola milioni 91.4. Piga hesabu: ni kama dola 775,000 kwa gari moja. Kwa dola ya wakati ule, ni zaidi ya shilingi milioni 80.

Nikisema hivi kuna msee atauliza, kwa hivyo hutaki askari walindwe? Nataka. Polisi na wanajeshi wamelipuliwa Mandera, Garissa na Lamu wakiwa ndani ya Land Cruiser za kawaida, na hao ni watoto wa watu kama sisi, wengine wametoka mitaa hii hii. Kijana anayetumwa Liboi apewe tumbo la V, asipewe maombi. Na kama tungenunua pamoja na Uganda na Tanzania, hata tukaziunganisha hapa hapa, bei ingeshuka na kazi zingebaki.

Kile ninachokataa ni kununua kwa hoja ya Lamu halafu gari lionekane Olympic. Juni 2024, baada ya vijana kuingia Bunge, jeshi liliitwa Nairobi na magari ya deraya yakazunguka mjini. Hakuna mtu Nairobi alikuwa ametega bomu barabarani. Tulikuwa na simu, chupa za maji na bendera.

Kwa hivyo ombi langu kwa mbunge yeyote aliye kwenye kamati ya ulinzi ni dogo na halihitaji siri yoyote ya vita. Bajeti ijayo ikisomwa na kuna magari ya deraya ndani, uliza maswali matatu kwa sauti, tusikie. Ni mangapi? Ni ya jeshi au ya polisi? Yatalala kambi gani? Hilo la tatu ndilo muhimu kwangu, kwa sababu gari linalolala Garissa haliwezi kufika Soweto West kabla ya chai ya saa nne.