Upasuaji wa mtoto wa jicho: Video ya kwenye simu inakufundisha nini, na inaishia wapi?

Kuanzia Machame hadi Rombo, simu janja zimeingia kwenye vihamba vingi, na pamoja nazo zimeingia video za hospitali. Daktari anaeleza ugonjwa, mchoro wa mwili unaonyeshwa, na wakati mwingine upasuaji unaonekana mwanzo hadi mwisho. Swali tunaloulizwa na wasikilizaji ni moja: tuziamini?

Jibu letu fupi ni hili. Video nzuri inakupunguzia hofu na kukupa maswali ya kumuuliza daktari. Haiwezi kukupima. Ili jambo hili lieleweke, tunachukua mfano wa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu. Tiba yake ipo, lakini wapo wazee wanaokaa miaka gizani kwa sababu tu wanaogopa kisu.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo kwa kawaida ni angavu kama kioo safi. Umri unapokwenda, lenzi hiyo inaweza kupata ukungu. Mtu anaanza kuona kama anatazama kupitia dirisha lenye moshi. Jua na taa za magari humuumiza, rangi hufifia, na mwishowe hata uso wa mjukuu hautambui. Mara nyingi hakuna maumivu, na ndiyo maana watu hukawia kwenda hospitali.

Uzee ndio chanzo kikubwa, lakini kisukari, kuumia jicho na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa pia huchangia. Watoto wengine huzaliwa nao.

Hakuna dawa ya matone, majani wala asali inayoondoa ukungu huo. Tiba ni upasuaji. Na si lazima tena kusubiri mtoto wa jicho "aive" kama ilivyokuwa ikisemwa zamani. Ukisubiri mno, upasuaji wenyewe unaweza kuwa mgumu zaidi.

Video ya upasuaji inaonyesha nini?

Hofu kubwa tunayoisikia ni kwamba daktari hulitoa jicho, akaliosha, kisha akalirudisha. Hapa ndipo video inaposaidia kuliko maneno yetu ya redioni, kwa sababu mtu anajionea kwamba jicho halitoki mahali pake.

Kinachofanyika ni hiki. Mgonjwa analala chali. Mtu mzima kwa kawaida hapewi nusukaputi; jicho hutiwa ganzi kwa sindano au matone, naye anabaki macho, anasikia watu wakizungumza. Uso unafunikwa kitambaa safi na jicho moja tu linaachwa wazi. Daktari anatumia darubini, anafungua tundu dogo pembeni mwa jicho, anatoa lenzi yenye ukungu na kuweka lenzi ya bandia. Lenzi hiyo hubaki humo maisha yote. Mara nyingi tundu hujifunga lenyewe bila kushonwa. Kazi yote kwa kawaida haizidi nusu saa.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Huendelea na dawa za matone kwa wiki kadhaa, na wengine huhitaji miwani ya kusomea.

Kuna mambo mawili ambayo video fupi mara nyingi huyaruka. La kwanza, kila upasuaji una hatari zake, ikiwemo maambukizi, ingawa kwa huu matatizo makubwa si ya kawaida. La pili, uangalizi wa nyumbani ni nusu ya tiba: kutosugua jicho, kutoinua ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi, na kukaa mbali na moshi wa jikoni kwa muda utakaoelekezwa. Jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu sana, likitoa usaha au uono ukipungua, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Filamu za afya si jambo geni

Kabla ya simu, elimu ya afya kwa picha ilikwishafika Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, palikuwa kituo cha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Moja ya mada zake ilikuwa minyoo ya safura. Filamu hizo zilizungushwa kwa lori Afrika Mashariki na kusini zaidi, zikaonyeshwa hadharani usiku.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu filamu za zama zile. Watu walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote. Wakasema, "Hapa kwetu mbu ni wadogo, hao wakubwa hatunao." Kisa kiwe cha kweli au cha kubuni, kina funzo. Picha huhitaji mtu wa kuieleza. Jicho linalojaza skrini ya simu, na kifaa kinachoonekana kama panga, kwa kweli ni vitu vidogo mno. Mzee asipoelezwa hivyo, video iliyokusudiwa kumtoa hofu inaweza kumwongezea.

Pale video inapoishia

Hatari kubwa ni kujipima mwenyewe kwa video. Kuona ukungu kuna sababu nyingi, na baadhi hazisubiri.

Presha ya macho huharibu mshipa wa kuonea polepole, na uono uliopotea haurudi. Mtu akidhani ana mtoto wa jicho na kuamua kusubiri hadi msimu wa kahawa upite apate nauli, anaweza kupoteza kilichobaki.

Kisukari nacho huharibu sehemu ya nyuma ya jicho. Mwenye kisukari anahitaji kupimwa macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Kwa mtoto mdogo, weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho, lakini unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Usisubiri akue. Mpeleke hospitali mara moja.

Halafu kuna video zinazofundisha kutia jichoni maji ya majani au dawa za kienyeji. Hizo zinaweza kusababisha vidonda kwenye kioo cha jicho na kuacha kovu. Mtu anayeweza kutibiwa akaona anaishia kuwa kipofu kabisa.

Ichunguze video kabla ya kuituma mbele

1. Nani ameitengeneza? Tafuta jina la hospitali, chuo, wizara au daktari anayejitambulisha kwa jina na mahali pa kazi.
2. Inauza kitu? Ikiishia na namba ya simu ya kuagiza matone ya "kuyeyusha mtoto wa jicho", hilo ni tangazo la biashara.
3. Inataja hatari na mipaka? Anayeahidi kupona kwa asilimia 100 kwa kila mtu hafundishi.
4. Inakuelekeza uende kupimwa?
5. Imefikaje kwako? Kwenye WhatsApp, alama ya mishale miwili inaonyesha kwamba ujumbe umepitishwa mara nyingi. Kupitishwa na wengi hakuufanyi uwe wa kweli.

Na jambo la upande wa pili: usimpige picha mgonjwa wodini ukairusha kwenye kundi la ukoo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Video za mafunzo huhitaji ridhaa ya mgonjwa.

Ukitazama pamoja na mzee

Chagua video ya Kiswahili, fupi. Punguza ubora wa picha hadi 240 au 360 ili bando lisiishe katikati. Kama babu au bibi haoni vizuri, mwache asikilize, nawe mweleze unachokiona, kwa Kichagga kama ndiyo lugha anayoielewa zaidi. Simamisha kila baada ya muda mfupi umuulize, "Hapo umeelewaje?" Asiyetaka kuona damu asilazimishwe, mchoro unatosha.

Kisha andikeni maswali pamoja. Haya yanaweza kuwa mwanzo:

- Je, ni mtoto wa jicho kweli, au kuna ugonjwa mwingine pia?
- Nitafanyiwa jicho lipi kwanza, na kwa ganzi gani?
- Nina presha au kisukari. Dawa zangu niendelee nazo?
- Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa nini?
- Nirudi kliniki lini, na dalili zipi ni za hatari?

Una haki ya kujibiwa kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Kuwa umetazama video hakumwondolei daktari wajibu wa kukueleza, na kumuuliza si kumkosea adabu.

Pa kuanzia

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upewe rufaa ikihitajika. Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi ipo Moshi mjini. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini na ina idara ya macho. Kwa walio mbali, uliza zahanati yako kama kuna kliniki ya macho inayotembea na siku yake. Wizara ya Afya pia ina namba 199, unayopiga bila malipo kuuliza jambo la afya.

Ukiwa na video uliyotumiwa na una wasiwasi nayo, ihifadhi, usiisambaze. Nenda nayo kituoni, umwonyeshe mhudumu wa afya na umuulize: hili ni kweli, na linanihusu mimi?