Mhandisi Aliyeitwa Mwandishi

Mwanangu wa pili aliacha masomo ya uhandisi wa umeme mwaka 1991. Alirudi nyumbani Keko na begi moja, akasema anataka kupiga kinanda. Mimi nilikuwa karani, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa mhandisi. Sikumfukuza wala sikumgombeza. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu kulichukua karibu mwaka mzima.

Siku moja alisahau kaseti mezani. Juu yake palikuwa na neno moja lililoandikwa kwa kalamu: Mwandishi. Nikadhani ni hotuba, nikaitia kwenye redio. Zikatoka tarumbeta na kinanda cha umeme, vikizunguka kama watu waliopotea njia. Jioni nikamwuliza, "Huyu mwandishi ni nani?"

"Ni Mmarekani, baba. Naye alikuwa akisoma umeme."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya habari za mtu huyo, na nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa nikitafuta mahali alipojuta.

Herbie Hancock alizaliwa Chicago tarehe 12 Aprili 1940. Alipokuwa na miaka 11 alipiga Mozart pamoja na okestra kubwa ya mji ule. Lakini alikuwa pia mtoto wa kufungua saa ili aone ndani mna nini, na mwaka 1956 alipoingia chuo cha Grinnell, katika jimbo la Iowa, alichagua uhandisi wa umeme. Mwaka wa pili akakusanya bendi ya wanafunzi, akawaandikia sehemu zao kwa kusikiliza santuri, na masomo yakayumba. Akahamia muziki. Mwaka wa pili, kama wangu.

Aliporudi Chicago mwaka 1960 alifanya kazi ya posta mchana na kupiga piano usiku. Hapo nilisimama sana. Miezi hiyo ya posta haionekani kwenye jalada la santuri, nayo ndiyo mzazi huiogopa.

Bahati ikaja na Donald Byrd, mpiga tarumbeta aliyepita mjini na kuhitaji mpiga piano. Mapema 1961 Hancock alikuwa New York. Mwaka uliofuata akatoa santuri yake ya kwanza, yenye wimbo Watermelon Man, alioutunga akimkumbuka muuza matikiti wa utotoni na mlio wa magurudumu ya gari lake juu ya mawe ya vichochoro. Sisi wa Keko, tunaoamshwa na mikokoteni, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kampuni ya santuri ilitaka sehemu ya haki za wimbo. Byrd akamwonya asizitoe, aanzishe kampuni yake mwenyewe ya kuzishika. Akakataa kutia sahihi, na kampuni ikarudi nyuma. Mwaka 1963 Mongo Santamaría aliupiga wimbo huo kwa mtindo wake, ukavuma mno, na fedha zikamfikia mwenye wimbo.

Kuanzia 1963 hadi 1968 alikuwa na Miles Davis, ambaye ndiye aliyemketisha mbele ya piano ya umeme. Baadaye wakaja vijana wa Marekani Weusi waliokuwa wakijipa majina ya Kiswahili. James Mtume akawagawia wanabendi: Hancock akawa Mwandishi, na santuri ya 1971 ikaitwa hivyo. Sisi tungemwita Mtunzi, lakini tusiwe wakali. Eddie Henderson, aliyekuwa daktari kweli, aliitwa Mganga, na jina hilo lilimkaa. Julian Priester akaitwa Pepo Mtoto, jina ambalo mtaani kwetu mtu angelikimbia!

Bendi ile ilikuwa na watu wengi na mitambo mingi, na haikujilipa. Mwaka 1973 akaivunja. Mwaka huohuo akatoa Head Hunters, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni moja, na humo wimbo wa muuza matikiti unaanza upya kwa mtu kupuliza chupa ya bia.

Kisha mwaka 1978, katika santuri ya Sunlight, aliimba. Hakuwa na sauti ya kuimbia, na alilijua hilo. Akatumia vokoda, mtambo unaoichambua sauti ya msemaji na kuivika noti za kinanda. Mdomo unatamka, vidole vinaimba. Santuri hiyo ilinipa taabu, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kusema kwamba mtu huyu aliutupa uhandisi.

Mwanangu hakuwa Hancock. Alipiga katika harusi na hoteli, akatengeneza vikuza sauti vya bendi za Temeke kwa kile alichojifunza kabla ya kuondoka chuoni, na miaka mingine alikula kwangu. Mahali pa majuto pa yule Mmarekani sikupaona, nikaacha kutafuta. Lakini habari ya Byrd haikunitoka kichwani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipoleta COSOTA, nilimwuliza kama nyimbo zake ameziandikisha.

"Bado, baba. Makaratasi yale yananichosha."

Nikamwambia alete orodha ya nyimbo zote na kalamu nyeusi. Fomu najua kujaza.